Sonara wa altare aliyenunua uhuru wa watumwa



Leo, katika makanisa mengi, padri atainua kalisi juu ya altare na waamini watainamisha vichwa. Kwa kawaida hatuiangalii sana kalisi yenyewe, kwa sababu mioyo yetu iko kwa kile kilichomo ndani yake. Lakini iko siku tunaiangalia sana. Ni siku ile mwenyekiti wa kamati anaposimama wakati wa matangazo na kusema kwamba kalisi ya parokia imechakaa, au kwamba inahitajika monstransi mpya kwa ajili ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kisha anataja bei. Hapo minong'ono huanza. Mmoja anasema nyumba ya Mungu inastahili kilicho bora. Mwingine anauliza kwa nini dhahabu iwekwe altareni wakati mjane wa jumuiya yetu hana bati la kuezekea. Wote wawili ni waumini wazuri, na kila mmoja anayo Maandiko ya kujitetea.

Wa kwanza atafungua kitabu cha Kutoka (31:1-11), ambapo Mungu mwenyewe anamjaza Bezaleli hekima na ustadi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha na vito kwa ajili ya hema takatifu. Wa pili atafungua Injili ya Mathayo (25:31-46), ambapo Bwana anasema atatuhukumu kwa chakula tulichompa mwenye njaa na nguo tuliyomvika aliye uchi, wala hasemi lolote kuhusu vikombe.

Leo nataka tumtazame mtu mmoja aliyeziishi kurasa hizo zote mbili. Alikuwa sonara. Mikono yake ilitengeneza vyombo vya ibada vilivyosifiwa kwa miaka zaidi ya elfu moja, na mikono hiyo hiyo iliwafungua watumwa minyororo. Jina lake ni Mtakatifu Eligius, ambaye Wafaransa humwita Éloi. Kanisa humkumbuka kila tarehe 1 Desemba.

Eligius alizaliwa karibu na mwaka 588 katika kijiji cha Chaptelat, jirani na mji wa Limoges, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wakristo huru. Baba yake alipoona kijana ana mikono myepesi, alimpeleka Limoges kwa Abbo, sonara aliyeheshimika ambaye pia alisimamia utengenezaji wa sarafu. Huko Eligius alijifunza kuyeyusha dhahabu, kuifua mpaka iwe nyembamba kama jani, na kukata vito.

Ufundi wa zama zile ulikuwa wa ajabu. Sonara alisimamisha vijiukuta vyembamba vya dhahabu juu ya bamba, akapata vyumba vidogo vidogo kama vya sega la asali. Ndani ya kila chumba aliweka kipande cha kioo au kito chekundu kama punje ya komamanga, kilichokatwa kwa kipimo kisichozidi wala kupungua. Chini ya kito alitandika jani la dhahabu lenye michoro midogo, ili mwanga ukiingia urudi nje ukiwaka. Ndiyo maana msalaba au kikombe cha namna hiyo, kikiwekwa karibu na mishumaa ya altare, kilionekana kama kina moto ndani yake. Ni kazi ya kuinamia siku nyingi, na kosa la upana wa unywele huharibu kila kitu.

Baadaye Eligius alihamia kwenye ufalme wa Wafranki, akafanya kazi chini ya Bobbo, mtunza hazina wa Mfalme Clothar wa Pili. Mfalme alitaka kiti cha enzi cha dhahabu na vito, lakini hakumpata fundi wa kukitengeneza kama alivyokiwaza. Bobbo akamtaja Eligius. Dhahabu ikapimwa kwenye mizani, akakabidhiwa, naye akaingia karakanani.

Ndugu msomaji, yeyote aliyewahi kumpelekea sonara pete iyeyushwe anajua wasiwasi wake. Dhahabu ikirudi pungufu, fundi ana majibu tayari: nyingine imeliwa na tupa, nyingine imemezwa na moto. Nani atabisha? Vumbi la dhahabu halihesabiki, na mteja hakuwepo tanuri lilipowaka. Mafundi wa zama za Eligius walikuwa na majibu hayo hayo. Yeye aliikusanya kila chembe. Siku ya kukabidhi kazi alipeleka kiti kimoja, na mfalme akafurahi, akaamuru alipwe vizuri. Ndipo Eligius akafunua kiti cha pili, akaeleza kwamba dhahabu ilibaki na hakutaka ipotee bure. Kutokana na dhahabu iliyotolewa kwa ajili ya kiti kimoja, alikuwa ametengeneza viwili.

Mfalme alishangaa, akauona uaminifu uliokuwa nyuma ya ufundi ule. Tangu siku hiyo Eligius aliaminiwa ikulu. Tunasimuliwa pia kwamba wakati mmoja mfalme alitaka aape kwa kugusa masalia ya watakatifu. Eligius alikataa kwa machozi, kwa kuwa aliogopa kulichezea jambo takatifu. Mfalme hakukasirika. Alimwamini zaidi mtu huyo aliyeogopa kuapa kuliko wengine walioapa upesi.

Clothar alipofariki mwaka 629 na mwanawe Dagobert kushika usukani, Eligius akawa mmoja wa washauri wakuu wa ufalme. Alisimamia pia sarafu za mfalme, na sarafu ndogo za dhahabu zenye jina lake zipo hadi leo. Lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya nyumba ya Mungu. Alitengeneza masanduku ya dhahabu na fedha ya kuhifadhia masalia ya watakatifu, likiwamo la Mtakatifu Martino wa Tours. Kwa kanisa la abasia ya Saint-Denis, karibu na Paris, alitengeneza msalaba mkubwa wa dhahabu na vito uliokuwa fahari ya altare kuu kwa karne nyingi. Na kwa mapokeo, yeye ndiye aliyetengeneza kalisi ya monasteri ya Chelles, kikombe kirefu cha dhahabu kilichopambwa kwa vito.

Kwa nini dhahabu? Hata leo taratibu za Kanisa Katoliki zinataka vyombo vitakavyopokea Mwili na Damu ya Kristo vitengenezwe kwa madini bora, na kama ni madini yanayopata kutu, basi kwa kawaida upande wa ndani upakwe dhahabu. Sababu yake si majivuno. Dhahabu haipati kutu, haiachi ladha, wala haibadiliki kwa miaka. Zaidi ya hayo, upendo una lugha yake. Mgeni mheshimiwa akifika nyumbani, mama hamwekei chai katika kikombe kilichovunjika mpini. Eligius aliielewa lugha hiyo kuliko wengi. Alikaa karakanani huku kitabu cha sala kikiwa wazi mbele yake, mkono ukifanya kazi na jicho likisoma.

Hebu sasa tutoke karakanani tuende sokoni, maana huko ndiko dhahabu yake nyingine ilikokwenda.

Enzi hizo vita havikuisha, na mateka wa vita walikuwa bidhaa. Watu walishushwa melini na kupelekwa sokoni kama mifugo: Wasaksoni, Wabretoni, Wagalia, Warumi, hata Wamori waliotoka ng'ambo ya bahari. Eligius aliposikia kwamba kuna watumwa wanauzwa mahali, aliacha nyundo na kukimbilia huko. Alinunua watu 20 kwa wakati mmoja, mara nyingine 30, mara 50, na ilifika siku akanunua shehena nzima ya watu waliokuwa wameshushwa kutoka chombo kimoja, wakakaribia 100.

Fedha zikiisha kabla watu hawajaisha, alivua alichokuwa nacho mwilini. Hapo awali alivaa kama watu wa ikulu, mavazi ya hariri na mshipi wa dhahabu wenye vito, ingawa chini yake alivaa nguo ya magunzi ya kujitesa kwa toba. Kidogo kidogo vyote vilikwenda. Mshipi ulikwenda, joho likaenda, na hatimaye mshauri huyo wa mfalme alionekana akipita ikuluni amejifunga kamba kiunoni.

Aliokuwa amewanunua aliwapeleka mbele ya mfalme ili wapewe hati za uhuru kwa mujibu wa sheria. Kisha aliwapa njia tatu za kuchagua. Anayetaka kurudi kwao alipewa nauli na chakula cha safari. Anayetaka kubaki alikaa naye si kama mtumwa bali kama ndugu. Anayetaka utawa alisaidiwa kuingia monasterini. Mmoja wao aliitwa Tillo, kijana Msaksoni. Eligius alimkomboa, akamfundisha usonara, wakafanya kazi pamoja kwenye meza moja. Baadaye Tillo akawa mtawa, na Kanisa limemheshimu kama mtakatifu.

Nyumba yake haikuhitaji anwani. Mgeni aliyeuliza njia aliambiwa aende mpaka aone kundi la maskini wamejaa mlangoni, hapo ndipo kwa Eligius.

Mwaka 632 Eligius alianzisha monasteri huko Solignac, karibu na alikozaliwa, katika ardhi aliyopewa na Mfalme Dagobert. Alipoiomba ardhi hiyo alimweleza mfalme kwamba anataka kujenga ngazi ambayo wote wawili wataipanda kwenda mbinguni. Ndani ya monasteri hiyo waliishi watawa wa mataifa mbalimbali, wengi wao mafundi. Mjini Paris aliigeuza nyumba aliyopewa na mfalme kuwa monasteri ya wanawake, ambamo mabinti wa wakubwa waliishi pamoja na wanawake waliokuwa watumwa.

Katika ujenzi wa Paris lilitokea jambo moja ambalo kamati zetu za ujenzi zinafaa kulisikia. Kazi ilipokaribia kwisha, Eligius aligundua kwamba kiwanja kimezidi mpaka aliopewa na mfalme kwa futi moja. Futi moja tu! Nani angelijua? Alisimamisha kazi papo hapo, akaenda kwa Dagobert na kuomba msamaha huku akilia. Mfalme aliwageukia waliokuwepo, akalinganisha mtu huyu na maofisa wake waliokuwa wakimwibia mashamba mazima bila aibu, kisha akamwongezea Eligius zawadi maradufu.

Hadi wakati huo Eligius alikuwa mlei. Mwaka 641, baada ya kifo cha Dagobert, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Noyon na Tournai, siku moja na rafiki yake Dado, aliyekuwa Askofu wa Rouen na ambaye baadaye aliandika maisha yake. Jimbo lake lilifika Flandria, kwa watu ambao wengi hawakuwa wamelisikia jina la Kristo. Alihubiri kwa karibu miaka 20, akapingwa, akatishiwa, lakini hakurudi nyuma. Baadaye watu walisimulia mengi juu yake, hata hadithi za farasi na misumari ya kwato, ndiyo maana wahunzi na waganga wa mifugo nao humwita msimamizi wao. Lakini tusiache jambo kuu.

Katika miaka yake ya mwisho, ufalme uliongozwa na Malkia Balthild, mama mjane aliyeshika madaraka kwa niaba ya mwanawe mdogo. Huyu Balthild alikuwa Mwingereza, na aliingia nchi ile akiwa mtumwa aliyenunuliwa kwa bei ndogo. Aliyekuwa mtumwa akawa malkia, na malkia huyo akapiga marufuku kuwauza Wakristo mateka nje ya nchi. Eligius hakuufuta utumwa; aliutoboa pale alipofikia, mtu mmoja baada ya mwingine. Lakini aliishi kumwona kwenye kiti cha enzi mtu aliyeujua utumwa kwa mwili wake mwenyewe.

Eligius alifariki tarehe 1 Desemba 660, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Balthild alisafiri haraka hadi Noyon, akakuta mzee ameshakata roho, akalia sana. Alitaka kuuchukua mwili akauzike Chelles, katika monasteri aliyoijenga yeye, lakini watu wa Noyon walibaki na askofu wao. Inasimuliwa kwamba baada ya mazishi Eligius alimtokea mtu katika ndoto na kumwagiza amwambie malkia avue vito vyake kwa ajili ya Kristo. Balthild alivivua. Sehemu kubwa aliwapa maskini, na nyingine ikatengenezwa msalaba wa kuwekwa kwenye kaburi la sonara.

Angalia, ndugu msomaji, jinsi malkia alivyojifunza vizuri kwa mwalimu wake. Maskini walipata, na msalaba ukapata. Ule mvutano wa kamati yetu ulipata jibu pale.

Wapo waliojibu kwa namna nyingine. Miaka zaidi ya 200 kabla ya Eligius, Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, alivunja vyombo vya kanisa na kuviyeyusha ili awakomboe mateka wa vita. Wapinzani wake walimshutumu, naye alijitetea kwamba hazina iliyo bora kwa Kanisa ni watu waliookolewa. Alifanya vyema, kwa sababu hapakuwa na fedha nyingine, na mtu ni wa thamani kuliko kikombe. Eligius hakulazimika kuvunja kalisi, kwa kuwa alianza kwa kuvunja mshipi wake mwenyewe. Hapo ndipo penye swali gumu kwetu. Mara nyingi tunapouliza kwa nini dhahabu ya kanisa isigawiwe maskini, hatugusi kabisa dhahabu iliyo kwenye vidole na shingo zetu. Mtume Yohane anatukumbusha (12:4-6) kwamba aliyelalamikia marhamu ya Maria wa Bethania, akidai yangeuzwa wapewe maskini, ndiye aliyekuwa akishika mfuko na kuiba vilivyomo.

Lakini upande wa pili nao usishangilie mapema. Kalisi nzuri haimsafishi aliyeichangia. Kama fedha ya monstransi ilipatikana kwa kumpunja kibarua mshahara, au kama mweka hazina ana majibu mengi kuliko risiti, basi tumemwekea Bwana mezani kitu alichonyang'anywa ndugu yake. Ufundi wa Eligius ulistahili altare kwa sababu mizani yake ilikuwa ya kweli kwanza. Uaminifu wa kile kiti cha pili ndio uliofungua mlango wa ikulu, na mlango huo ndio uliomwezesha kuwakomboa mamia ya watu.

Na vile vyombo vyake viko wapi leo? Kalisi ya Chelles ilipotea mwaka 1792 katika Mapinduzi ya Ufaransa. Imebaki picha yake tu, iliyochapishwa katika kitabu cha mwaka 1653. Msalaba mkubwa wa Saint-Denis nao uliharibiwa, na kipande kidogo tu kimehifadhiwa mjini Paris. Dhahabu ambayo haipati kutu haikuweza kujikinga na mikono ya watu.

Lakini katika jumba la makumbusho la mji wa Chelles kuna kitu kingine kilichohifadhiwa tangu zama zile: vazi la kitani la Malkia Balthild. Halina dhahabu. Kifuani limetariziwa kwa nyuzi za hariri za rangi, na tarizi hiyo ina umbo la mikufu na msalaba, kama vito alivyokuwa akivaa zamani. Vito vyenyewe vilikwenda kwa maskini, naye akabaki na uzi. Kikombe cha dhahabu kimetoweka, na nguo ya kitani ipo.

Mtume Paulo anamwandikia Timotheo (2 Tim 2:20-21) kwamba katika nyumba kubwa mna vyombo vya dhahabu na fedha, na vingine vya mti na udongo, na kwamba mtu akijitakasa atakuwa chombo cha heshima kimfaacho Bwana. Tillo Msaksoni aliyeshushwa sokoni alikuwa chombo cha namna hiyo. Eligius alikitambua kabla hakijang'arishwa, akakilipia.

Basi kamati ikitangaza mchango wa kalisi, toa kwa furaha, na toa kilicho chako kwa haki. Ukitoka kanisani, pita kwa yule mjane asiye na bati. Na kabla hujalala usiku wa leo, jiulize swali moja: mgeni akiuliza njia ya kufika kwako, ataelekezwa aangalie nini mlangoni pako?